Metrine na Rimba Lisilokuwepo

Metrine Wandera alizaliwa na masikio. Kila mtu anayo, ndiyo, lakini wengi huyabeba tu kama vishikio vya sufuria. Yake yalifanya kazi.

Babake, fundi Wandera, alitoka Samia kuja Kisumu kutengeneza mashine za kusaga mahindi, akapata nyumba Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji ambazo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba jirani akila samaki, wewe unasikia miiba. Humo ndimo msichana alimoanzia masomo. Kabla hajajua kuandika jina lake alijua, kwa mlio wa sapatu tu, ni nani anayepita mlangoni, anatoka wapi, na kama amegombana na mtu huko.

Fundi Wandera hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na bisibisi. Ncha moja aliiweka kwenye mwili wa mashine, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Beringi ya kushoto imechoka." Siku za Jumamosi alimchukua binti yake waende kusikiliza pamoja. Huko Awasi, akiwa na miaka minane, Metrine alimwambia mwenye kinu kwamba mkanda wa mashine yake ungekatika kabla ya saa sita. Mwenye kinu alicheka hadi akashika tumbo. Mkanda ulikatika saa tano na kumchapa matakoni.

Hiyo ilikuwa enzi ambayo mtu alisikiliza mashine jinsi daktari anavyosikiliza kifua. Leo mashine ikikohoa mara mbili inatupwa nyuma ya duka, inaletwa nyingine iliyofungwa kwa plastiki, na aliyejua kusikiliza anabaki kuuza mikanda. Ndivyo Wandera alivyobaki. Binti yake akaenda chuo kikuu mjini hapo hapo, akagundua kwamba kumbe siku hizi masikio nayo husomewa miaka minne na kupewa cheti.

Katika mwaka wa mwisho, yeye na wenzake wawili walitengeneza gemu. Frankline, kijana mrefu asiyejua kunyamaza, aliandika programu. Caren alichora picha. Metrine alitengeneza sauti zote. Gemu ilichezwa na watu wanne kwa pamoja, kila mmoja akiwa katika chumba chake, amefunikwa macho kwa miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma. Ukishaivaa hauko tena chumbani. Uko ufuoni mwa ziwa, wenzako watatu unawaona wamesimama kando yako, na mikononi umeshika kamba. Wasomi wanauita uhalisia pepe. Zamani uliitwa kuota mchana, na haukuhitaji umeme.

Kazi ya wachezaji ilikuwa moja: kuvuta rimba. Rimba ni ule wavu mrefu uliopelekwa ziwani kwa mashua, kisha watu wakiwa nchi kavu wakauvuta kwa kamba hadi samaki wakajikuta mchangani. Serikali ilishaupiga marufuku kwa kuwa unazoa hata vifaranga vya samaki. Hivyo watoto hawa, ambao hawajawahi kuvuta hata kamba ya mbuzi, waliwafundisha watu kwenye kompyuta kitu ambacho babu zao wangekamatwa wakikifanya.

Zaidi ya wavutaji wanne alikuwepo mtu wa tano, mwimbishaji, ambaye alikaa na maikrofoni na kuwahimiza. Hilo lilikuwa wazo la Metrine. Wanne wakivuta kwa pamoja, wavu ulisogea. Mmoja akichelewa, ulipinda na samaki wakapita pembeni.

Walipoijaribu mbele ya mwalimu wao, Daktari Mukhwana, mambo yaliharibika hadharani. Daktari mwenyewe alishika kamba ya nne. Metrine alipaza sauti, "Haya, vuta!" Sauti ikasafiri kwenye mtandao. Frankline aliipata mara moja, Caren akaipata baadaye kidogo, na mwanafunzi mwingine waliyemwomba ashike kamba ya tatu akaipata baada ya Caren kumaliza. Walivuta mmoja mmoja kama watu wanaong'olewa meno. Daktari aliipata mwisho, akavuta kwa nguvu zake zote, akarudi nyuma hatua tatu na kukaa ndani ya pipa la taka.

Alivua miwani polepole.

"Nimesoma miaka ishirini na miwili," alisema akiwa bado ndani ya pipa, "ili niangushwe na kamba isiyokuwepo?"

"Pole, Daktari," Metrine alisema.

"Ijumaa ya wiki ijayo nitarudi kwenye kamba hii. Wavu utoke majini. Kama kuna kitu kinauzuia, kiondoeni."

Alipotoka, Frankline alianza mara moja. "Kinachouzuia ni mwimbishaji. Tumtoe, manze. Kila mtu avute akitaka, kompyuta itajumlisha."

"Hilo si rimba basi, ni foleni."

"Ni gemu, Metrine."

"Na sauti zangu?"

"Tutaweka mawimbi. Niko na yale nilishusha kwenye mtandao."

Metrine aliyajua mawimbi hayo. Yalianguka kama ghorofa linalobomolewa, na juu yake kulikuwa na ndege waliolia kama paka aliyekanyagwa mkia. "Hiyo ni bahari ya watu wengine," alisema. "Ziwa letu haliongei hivyo. Linalamba mawe tu."

"Nani atajua?"

Hilo ndilo swali la zama hizi, na ndilo lililoua kila kitu kizuri. Lakini Metrine hakuwa na nafasi ya kuomboleza. Sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake yote ya mwaka wa mwisho. Mwimbishaji akitolewa na mawimbi ya kuokota yakaingia, jina lake lingetoka pia, na digrii ingemngoja mwaka mwingine.

Alijaribu filimbi. Ilichelewa. Alijaribu kupiga mtungi wa plastiki kama ngoma. Ulichelewa. Alijaribu kuwahimiza mapema kidogo ili sauti ifike kwa wakati, wawili wakavuta mapema na wawili wakauliza kama tayari. Siku ya Jumatatu akajiuliza jambo ambalo alipaswa kujiuliza tangu mwanzo: zamani kamba ilikuwa ndefu, upepo ulikuwepo, na sauti nayo ilichelewa kumfikia mtu wa mwisho. Sasa wale wazee walifanyaje?

Alikwenda kwa Mama Aoko, aliyekaanga samaki karibu na kwao.

"Nenda ufuo wa Kadete, ukishuka kutoka Katito," Mama Aoko alimwambia bila kuinua macho kwenye karai. "Uliza Mzee Obiero. Huyo aliimbisha rimba hadi serikali ikachoka. Lakini usimwambie umetoka chuo kikuu."

"Kwa nini?"

"Atakuhoji."

Mzee Obiero alikuwa mfupi, mkavu, na mwenye sauti isiyolingana na mwili, kama baiskeli iliyofungwa honi ya lori. Metrine alimsalimia, akamweleza, akaweka maikrofoni mbele yake.

"Nyakwara," mzee alisema, akimwita mjukuu kwa Kijaluo, "unataka niimbe nikiwa nimekaa? Mimi ni mgonjwa?"

"Basi simama, Mzee."

"Nisimame nivutishe nini? Hewa?"

Akaenda kuwaita wenzake. Walikuja watano, mdogo wao akiwa na miaka sabini na kitu, kila mmoja akilalamika kwamba alikuwa na kazi, ingawa wote walitoka kivuli kimoja. Mmoja alileta kamba nene iliyokuwa imefunga ng'ombe. Wakaunganisha nyingine, na nyingine, mpaka ikawa ndefu kama uwanja wa mpira, wakaifunga kwenye kisiki kando ya maji na kujipanga.

"Lakini, Mzee, kisiki hakitasogea," Metrine alisema.

"Hata rimba halikusogea saa ya kwanza."

Metrine alitarajia wimbo kuhusu ziwa na baraka zake, kama zile zinazoimbwa wageni wakija. Obiero aliimba matusi.

"Nani huyu aliyelala kwa mama mkwe akasingizia mvua?"

"Ywa!" wazee walijibu, yaani vuta, na kamba ikakaza.

"Mvua gani ya Januari?"

"Ywa!"

"Nani ameoa miaka arobaini na jiko la mkewe bado linavuja?"

"Ywa!"

Kila aliyetajwa alijibu kwa sauti kubwa kuliko wengine na kuvuta kama anayetaka kumng'oa Obiero mwenyewe. Kisiki kilianza kulia. Metrine alitembea kando ya kamba na maikrofoni yake, uso wote ukiwa tabasamu.

Ndipo filimbi ikalia kutoka juu ya mteremko. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo, Bwana Okello, alikuja mbio akiwa ameshika daftari kwa mkono mmoja na suruali kwa mwingine.

"Msimame hapo hapo! Nimesikia! Rimba limerudi Kadete!"

"Okello, punguza mbio, utaanguka," Obiero alisema.

"Wavu uko wapi?"

"Hakuna wavu."

"Mzee Obiero, mimi nimekulia hapa. Wimbo huo hauimbwi bila wavu. Uko wapi?"

"Uko Kisumu," Metrine alisema, akitaka kusaidia. "Ndani ya kompyuta."

Okello alimtazama, akaandika neno moja daftarini na kulipigia mstari. Akaifuata kamba hatua kwa hatua hadi kwenye kisiki. Akakizunguka. Akaingiza mkono majini nyuma yake. Alirudi akiwa amelowa hadi kwapani.

"Mmeuficha."

"Wazee sita tumeuficha wapi? Ndani ya kisiki?"

"Na hiki kinyama ni nini?" Okello alikuwa ameiona maikrofoni, ambayo Metrine alikuwa ameivalisha kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo.

"Ni cha kusikilizia, Mwenyekiti."

"Kinasikia hata sasa?"

"Ndiyo."

Okello akashusha sauti na kuanza kuongea kama mtu aliye redioni. "Kamati ya ufuo wa Kadete hairuhusu uvuvi haramu wa aina yoyote. Asante."

"Umemaliza?" Obiero alimuuliza. "Basi shika kamba. Kama kuna wavu, utauhisi mkononi. Babako angeuhisi."

Hapo Okello alinaswa. Mtu aliyekulia ufuoni hawezi kutajiwa babake na kuacha kamba chini. Aliliweka daftari mfukoni, akatema mate viganjani na kusimama nyuma ya wengine.

"Nani huyu aliyepewa filimbi asipewe kazi?" Obiero aliimba.

"Ywa!" Mwenyekiti alijibu kabla hajakumbuka yeye ni nani.

Wakati huo Metrine alikuwa amefika mwisho wa kamba, karibu na kisiki. Hapo alisimama mzee mmoja mpana aitwaye Ouma. Upepo ulikuwa mkali, na sauti ya Obiero ilifika vipande vipande, tena ikiwa imechelewa. Hata hivyo Ouma alivuta sawasawa na wenzake, hakukosea hata mara moja. Metrine alimsalimia. Akaendelea kuvuta. Akamsalimia tena, akiwa karibu na sikio. Ouma aligeuka, akamwona, akampa mkono kwa furaha na kumuuliza kama yeye ni binti wa Awino, jambo ambalo halikuhusiana na chochote.

Walipopumzika, Metrine alimwendea Obiero. "Mzee, yule hasikii?"

"Ouma? Ni kiziwi kabisa. Radi ilipiga karibu na mashua yake. Hajasikia neno langu tangu watoto wake wakiwa wadogo, ndiyo maana bado tunapatana."

"Sasa anajuaje wakati wa kuvuta?"

"Anaimba."

"Anaimbaje na hasikii?"

Obiero alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayeuliza mlango wa nyumba yake mwenyewe uko wapi. "Nyakwara, mdomo si wake? Akihisi kamba imekaza mara ya kwanza, anaanza. Baada ya hapo anakwenda na wimbo wake, na sisi tunakwenda na wetu, na wimbo ni ule ule. Kelele zangu ni za kuwachekesha na kuwakasirisha. Hakuna mtu anayevuta kwa kelele zangu."

Metrine aliketi mchangani na sketi yake safi. Miaka minne alikuwa amefundishwa jinsi sauti inavyomfikia mtu. Hakuna aliyemfundisha kwamba sauti nyingine haina haja ya kumfikia mtu kwa sababu tayari anayo.

Alirudi mjini na kufanya kazi siku mbili bila kuzungumza na mtu. Aliweka kiitikio ndani ya kila miwani, kila mchezaji na chake, kikienda kwa mwendo mmoja. Vishikio vya mkononi, vile ambavyo ndani ya miwani vilikuwa kamba, vilitikisika mara moja tu, mwanzoni, kwa wote, kompyuta zikishasubiriana. Baada ya hapo mchezaji alitakiwa kuitikia kwa mdomo wake mwenyewe na kuvuta kwa itikio lake. Maneno ya mwimbishaji yangefika yakifika.

"Lakini bado yanachelewa," Frankline alisema akiwa ndani ya miwani.

"Wacha yachelewe. Wewe imba."

"Mimi siimbi, mimi ni mtu wa programu."

"Frankline!"

Aliimba. Caren akaimba kutoka chumba cha pili. Wavu ulisogea. Frankline akanyamaza, na hiyo ilikuwa sauti ambayo Metrine hakuwahi kuirekodi.

Likabaki tatizo moja. Kwa mwimbishaji Metrine alitumia sauti aliyorekodi Kadete, na wavutaji walikwenda pamoja lakini kwa ulegevu, kama watu wawili wanaokunja shuka. Wavu ulitoka nusu ukarudi. Alimpigia simu Mzee Obiero.

"Hilo linakushangaza?" mzee alisema. "Matusi ya Okello ni ya Okello. Utamvalishaje mtu mwingine? Nakuja mwenyewe."

Alifika Ijumaa asubuhi akiwa na kofia na koti, akakagua ngazi, milango na walinzi wa chuo, na kuvikosoa vyote. Kisha akataka kuelezwa habari za wavutaji. Metrine alimweleza kuhusu Frankline, Caren na mwenzao mwingine.

"Na huyo Daktari?"

"Mzee, nakuomba, Daktari mwache. Yeye ndiye anayetia saini. Kazi yangu yote iko mkononi mwake."

"Ana kipara?"

"Mzee!"

"Anacho. Nimesikia ulivyojibu. Sikio si lako peke yako."

Daktari Mukhwana aliingia chumba chake, akaliondoa pipa la taka mwenyewe na kulitoa nje, akavaa miwani na vipokea sauti vilivyoziba masikio. Obiero aliwekwa mbele ya maikrofoni katika chumba cha mwisho. Metrine alisimama ushorobani, kwenye meza yenye kompyuta iliyoonyesha wavu, akiacha milango yote wazi.

Vishikio vikatikisika. "Ywa!" walisema wanne. Wavu ukasogea.

"Nani huyu mrefu kama mlingoti, na hana taa?" Obiero aliimba.

Frankline aliguna na kuvuta. Caren aliambiwa kwamba anachora ng'ombe wenye miguu ya mbuzi, akavuta. Wavu ulifika nusu, pale ulipokuwa unarudi kila siku. Kamba zikawa nzito. Metrine alihesabu itikio moja, la pili, la tatu. Hausogei. Akasikia mzee akivuta pumzi, akajua kinachokuja, akafumba macho.

"Nani huyu aliyesoma hadi nywele zikahama?"

Kicheko kikatoka chumba cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Chumba cha nne kilikuwa kimya. Mtandao ulikuwa bado unayabeba maneno. Daktari aliitikia na kuvuta, akaitikia tena na kuvuta, sawasawa na wenzake, bila kujua amefanywa nini. Kisha maneno yakamfikia.

"Ati nini?" alinguruma. "Ywa! Nani amesema hivyo? Ywa! Nitamjua! Ywa!"

Alivuta kwa hasira ya mtu mzima aliyeheshimiwa muda mrefu kupita kiasi. Hakukosea hata itikio moja. Wengine, kwa hofu, walivuta zaidi yake. Wavu ulitoka majini wote kwa mkupuo mmoja, na samaki wakaanza kupiga mikia mchangani, mlio ambao Metrine alikuwa ameutengeneza kwa taulo lililolowa na sakafu ya kwao Kaloleni.

Daktari alitoka chumbani akihema, tai ikiwa begani. Frankline akajificha nyuma ya Caren.

"Yale maneno yalinifikia yamechelewa," Daktari alisema.

"Ndiyo, Daktari," Metrine alijibu.

"Lakini nilivuta kwa wakati."

"Ndiyo, Daktari. Ulikuwa unaimba wimbo wako."

Alifikiri. Akageukia karatasi ya tathmini juu ya meza na kuitia saini. Mkono ulikuwa bado unavuta kitu kisichokuwepo, na saini ikaacha mstari, ikapanda pembeni mwa karatasi hadi juu kabisa, karibu na jina la Metrine. Hakuifuta.

"Sauti ibaki," alisema. "Yote. Na mwimbishaji abaki." Kisha akamwendea Obiero, akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Mzee, tunarudia. Safari hii mimi ndiye nitakayeimbisha."

"Wewe?" Obiero alishika maikrofoni kwa mikono miwili. "Umevuta mara moja tu. Mimi nilivuta miaka kumi na mmoja kabla ya kuruhusiwa kumtukana mtu. Rudi kwenye kamba."

Na Daktari Mukhwana, mbele ya wanafunzi wake, akarudi kwenye kamba.